Ugonjwa wa kiwele kwa mbuzi wa maziwa: kwa nini dawa ya jana haiponyi leo

Mbuzi wa maziwa ana chuchu mbili tu. Ng'ombe akiharibikiwa chuchu moja, mfugaji hubakiwa na tatu za kukamua. Mbuzi akiharibikiwa chuchu moja, nusu ya maziwa ya nyumba hiyo imekwenda, na mara nyingi hairudi tena. Kwa sababu hiyo ugonjwa wa kiwele, ambao wengi wetu tumezoea kuuona kuwa tatizo dogo la kumalizwa kwa sindano moja, unagusa moja kwa moja kikombe cha maziwa cha mtoto, mahitaji ya shule na akiba ya kaya.

Makala haya yanawaeleza wafugaji wa wilaya za Mbulu na Hanang mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni namna ugonjwa wa kiwele unavyoingia na unavyoweza kuzuiwa. La pili ni sababu inayofanya dawa zilizokuwa zikiponya kwa haraka zianze kushindwa. Hali hiyo ya pili huitwa usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA. Wengi wamelisikia neno hilo likitajwa hospitalini, lakini ni wachache wanaofahamu kuwa sehemu ya usugu huo hutengenezwa zizini, kwa chupa ya dawa iliyonunuliwa mnadani na kutumika kwa kukisia.

Mbuzi wa maziwa katika mazingira yetu

Ufugaji wa mbuzi wa maziwa una historia ya kutosha nchini. Katika miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kilipokea mbuzi wa maziwa kutoka Norway, na uzao wao ukasambazwa kwa wafugaji wadogo wa Mgeta katika Milima ya Uluguru. Miaka ya 1990, jirani zetu wa Babati walipata mbuzi aina ya Toggenburg kupitia mradi wa shirika la FARM-Africa. Tangu wakati huo damu ya mbuzi hao imechanganyika na ya mbuzi wetu wa asili, na machotara wanaonekana leo katika kaya nyingi za Mkoa wa Manyara.

Sababu za kupendwa kwao zinaeleweka. Baridi ya nyanda za juu za Mbulu na ya miteremko ya Mlima Hanang inawafaa wanyama ambao asili yao ni nchi za baridi. Mbuzi hahitaji eneo kubwa; hulishwa bandani kwa matete, majani ya miti ya malisho na mabaki ya mahindi na maharage. Chotara anayetunzwa vizuri hutoa lita 1 hadi 2 kwa siku, kiasi kinachotosha watoto wa nyumbani na pengine kubaki cha kumuuzia jirani. Mama asiye na uwezo wa kununua ng'ombe anaweza kuanza na mbuzi mmoja.

Hata hivyo, wingi wa maziwa una gharama yake. Kiwele cha mbuzi wa maziwa ni kikubwa, huning'inia karibu na ardhi na hukamuliwa kila siku kwa miezi mingi. Tena mbuzi huyu hushinda bandani, na msimu wa mvua banda lisilo na sakafu nzuri hugeuka kuwa tope la mkojo na samadi. Hapo ndipo maradhi yanapoanzia.

Ugonjwa unavyoingia

Ugonjwa wa kiwele hutokea pale vimelea, hasa bakteria, vinapopenya kupitia tundu la chuchu na kusababisha uvimbe ndani ya kiwele. Tundu hilo lina mlango wake, yaani msuli mdogo unaolifunga baada ya kukamua. Msuli huo huchukua muda kujibana sawasawa, takriban nusu saa, na katika muda huo mlango uko wazi. Mbuzi anayelala juu ya samadi mbichi mara tu baada ya kukamuliwa huwapa bakteria njia nyeupe.

Bakteria wanaohusika ni wa makundi mawili. Kundi la kwanza huishi kwenye ngozi ya chuchu, kwenye vidonda vyake na mikononi mwa mkamuaji; wanaojulikana zaidi kati yao ni stafilokokasi. Hawa huhama kutoka mbuzi mmoja hadi mwingine kwa mikono isiyonawiwa, kwa kitambaa kimoja kinachofuta viwele vyote, au kwa mafuta ya kukamulia yanayochotwa kwa vidole kutoka kopo moja. Kundi la pili hutoka katika kinyesi, udongo na maji machafu; miongoni mwao ni E. koli. Tofauti hii ni muhimu kwa mfugaji, kwa kuwa kundi la kwanza huzuiwa kwa usafi wa ukamuaji na la pili huzuiwa kwa usafi wa banda.

Ugonjwa wenyewe huja kwa sura tatu.

Sura ya kwanza ni ya ghafla na ya kutisha. Mbuzi huacha kula, hupata homa, na upande mmoja wa kiwele huvimba na kuuma. Baadaye ngozi yake hugeuka kuwa ya zambarau au nyeusi, na kiwele kikishikwa huwa cha baridi. Maziwa hutoka kama maji yenye damu. Nyama ya kiwele inakuwa inakufa, na mbuzi mwenyewe anaweza kufa ndani ya siku chache. Hii ni dharura. Mtaalamu aitwe siku hiyohiyo.

Sura ya pili huonekana kwa macho bila kutishia uhai. Kiwele huwa kigumu au cha moto, mbuzi hurusha miguu akikamuliwa, na maziwa huwa na mabonge, nyuzinyuzi au rangi isiyo ya kawaida.

Sura ya tatu imejificha, na ndiyo inayowapotezea wafugaji wengi bila wao kujua. Kiwele kinaonekana kizima, maziwa ni meupe, mbuzi anakula. Kinachoonekana ni kupungua kwa maziwa kidogo kidogo na watoto wa mbuzi kudumaa. Mfugaji huilaumu lishe au mbegu, kumbe mbuzi huyo anaendelea kuwaambukiza wenzake kila asubuhi na jioni kupitia mikono ya mkamuaji.

Namna ya kuugundua mapema

Kipimo cha kwanza kinapatikana katika kila nyumba. Funika kikombe kwa kitambaa cheusi na kukamulia juu yake michirizi miwili au mitatu ya mwanzo kutoka kila chuchu. Mabonge na nyuzi ambazo zingepotea ndani ya ndoo nyeupe huonekana wazi juu ya weusi. Michirizi hiyo isikamuliwe sakafuni, kwa maana hiyo ni kusambaza vimelea mahali ambapo mbuzi watalala.

Kwa ugonjwa uliojificha, wataalamu hutumia kipimo kinachoitwa CMT. Maziwa kidogo huchanganywa na dawa maalumu katika sinia dogo la plastiki lenye vikombe. Yakiwa na chembe nyingi za kinga ya mwili, huwa mazito kama ute. Kwa mbuzi, kipimo hiki kinahitaji busara. Maziwa ya mbuzi mzima kwa kawaida huwa na chembechembe nyingi kuliko ya ng'ombe, hasa anapokaribia kuacha kukamuliwa, hivyo yanaweza kuwa mazito kidogo bila kuwapo ugonjwa. Njia ya uhakika zaidi ni kulinganisha pande mbili za mbuzi yuleyule: upande mmoja ukiwa mzito na mwingine mwepesi, hapo pana jambo. Mfugaji asiyeelezwa hili anaweza kumchoma sindano mbuzi ambaye hakuwa mgonjwa, na kila dawa isiyohitajika ni hatua moja kuelekea kwenye usugu.

Kwa nini dawa hushindwa

Mkulima wa vitunguu saumu wa Mbulu huchagua punje zilizo bora kuliko zote na kuzihifadhi kwa mbegu. Akifanya hivyo misimu kadhaa, shamba lake lote huwa la aina ile aliyoichagua. Matumizi mabaya ya dawa hufanya kazi hiyohiyo kwa bakteria, ila hapa mbegu inayochaguliwa ni ya adui.

Ndani ya kiwele chenye maradhi mna bakteria wasiohesabika. Wachache miongoni mwao, kwa maumbile yao au kwa kupokea uwezo huo kutoka kwa bakteria wengine, wanaweza kuistahimili dawa fulani. Baadhi ya stafilokokasi, kwa mfano, hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja penisilini kabla haijafanya kazi yake. Dawa sahihi, kwa kipimo kinachotosha na kwa siku zote zilizoelekezwa, huwapunguza bakteria hadi kinga ya mbuzi inaweza kuwamaliza waliosalia. Dozi ndogo, au inayokatishwa njiani, huwaua walio dhaifu na kuwaachia nafasi walio hodari. Mbuzi huonekana amepona kwa wiki moja au mbili, kisha maradhi hurudi, na safari hii dawa ileile haisaidii.

Onyo juu ya jambo hili si jipya. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alitahadharisha katika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba kutumia dawa hiyo kwa kiasi kisichotosha kungewafundisha vimelea kuishinda. Alisema hayo wakati dawa yenyewe ilikuwa ngeni duniani.

Ni haki pia kueleza kuwa si kila dawa inayoshindwa inashindwa kwa sababu ya usugu. Stafilokokasi wana tabia ya kujificha ndani ya chembe za mwili na katika makovu ya kiwele ambako dawa haifiki vizuri. Dawa inaweza kuwa imekwisha muda wake au imeharibiwa na jua. Inawezekana pia kuwa dawa iliyochaguliwa haikuwa ya vimelea vile tangu mwanzo. Ni maabara pekee inayoweza kutenganisha sababu hizi, na ndiyo maana kubadilisha dawa baada ya dawa kwa kubahatisha hakumsaidii mfugaji.

Makosa yanayozalisha usugu

*Kukisia uzito.* Dozi hupimwa kwa uzito wa mnyama. Mfugaji anayekisia huishia kumpa mbuzi mkubwa dozi ya mbuzi mdogo, au kutumia kipimo alichokiona kwa ng'ombe wa jirani. Utepe wa kupimia uzito, unaozungushwa kifuani nyuma ya miguu ya mbele, hupunguza kosa hili kwa kiasi kikubwa.

*Kutosoma lebo.* Oksitetrasaiklini, dawa inayotumika sana kwa mifugo, huuzwa kwa nguvu tofauti. Yenye asilimia 10 ina miligramu 100 za dawa katika kila mililita, na yenye asilimia 20 ina miligramu 200. Anayehama kutoka chupa moja kwenda nyingine bila kusoma ama anampa mnyama nusu ya dawa anayohitaji ama anampa maradufu. Zaidi ya hayo, kuna inayodumu mwilini kwa siku kadhaa na kuna inayotakiwa kurudiwa kila siku.

*Kuacha njiani.* Mbuzi akianza kula, mfugaji huona ameshapona na kuhifadhi dawa iliyobaki kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Matokeo yake ni wagonjwa wawili waliotibiwa nusu nusu.

*Kugawa mrija mmoja kwa chuchu mbili.* Dawa za kuingizwa ndani ya chuchu huja katika mirija midogo ya plastiki, na nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Kutumia mrija mmoja kwa chuchu zote mbili hupunguza dozi na kuhamisha vimelea kutoka upande mgonjwa hadi upande mzima. Dawa hizi zitumike kwa maelekezo ya mtaalamu, baada ya ncha ya chuchu kusafishwa kwa spiriti.

*Kununua dawa isiyo na lebo.* Dawa iliyokwisha kuvutwa katika bomba la sindano na kuuzwa mnadani haina jina, haina tarehe ya mwisho wa matumizi wala maelekezo. Anayeinunua hajui alichompa mnyama wake, na akienda kwa mtaalamu baadaye hana la kumweleza.

Kutoka zizini hadi wodini

Huenda msomaji asiyefuga akajiuliza yanamhusu nini haya. Yanamhusu kwa sababu dawa za mifugo na dawa za binadamu ni za koo zilezile. Penisilini anayochomwa mbuzi ni ndugu wa ampisilini, ambayo pamoja na jentamaisini ni miongoni mwa dawa za kwanza kupewa mtoto mchanga mwenye maambukizi makali. Oksitetrasaiklini ni ndugu wa doksisaiklini tunayopewa vituo vya afya. Bakteria aliyejifunza kuishinda dawa moja ya ukoo mara nyingi huzishinda na nyingine za ukoo huo.

Nao bakteria hawajui mpaka kati ya zizi na sebule. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2020 katika jarida la kisayansi la Nature Communications ulikuta bakteria sugu wa matumbo wameenea kwa watu, mifugo, wanyamapori na vyanzo vya maji. Jambo kubwa lililojitokeza ni kwamba kuenea huko kulitokana pia na bakteria wenyewe kuhama kati ya watu, wanyama na mazingira wanayoshirikiana. Kwa maneno mengine, familia ambayo haijawahi kununua chupa ya dawa inaweza kuupata usugu uliozalishwa kwingine, kwa njia ya mikono, maji, samadi na maziwa yasiyochemshwa.

Madhara yake yamekwisha kuonekana nchini. Utafiti wa Hospitali ya Taifa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa, kwa watoto wenye maambukizi ya bakteria katika damu, usugu wa vimelea uliongeza hatari ya kufa. Kwa dunia nzima, watafiti walikadiria kuwa usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu milioni 1.27 katika mwaka 2019. Mzazi anayempeleka mtoto Hospitali ya Kilutheri Haydom, inayowahudumia watu wa eneo hili tangu mwaka 1955, au katika kituo kingine chochote wilayani, anategemea kuwa dawa itakayochaguliwa itafanya kazi. Tegemeo hilo tunalilinda au kulibomoa sote, wenye mifugo na wasio nayo.

Ndiyo sababu Serikali iliandaa Mpango Kazi wa Kitaifa wa kupambana na UVIDA wa mwaka 2017 hadi 2022, na kufuatiwa na wa mwaka 2023 hadi 2028. Mipango hiyo inaziweka pamoja sekta za afya, mifugo na mazingira, kwa mtazamo unaojulikana kama Afya Moja.

Maziwa ya mbuzi anayetibiwa

Dawa anayopewa mbuzi hutoka kwa njia ya maziwa pia. Kila dawa iliyosajiliwa ina muda wa kusubiri, yaani siku ambazo maziwa hayapaswi kunywewa wala kuuzwa baada ya dozi ya mwisho. Muda huo umeandikwa kwenye lebo. Iwapo dawa imetengenezwa kwa ng'ombe na lebo haimtaji mbuzi, mtaalamu ndiye anayepaswa kupanga muda huo, na kwa kawaida huurefusha.

Tunafahamu kuwa hapa ndipo penye uchungu. Kwa kaya ya mbuzi mmoja anayetoa lita moja na nusu kwa siku, kusubiri siku 7 baada ya kumaliza dawa ni kupoteza zaidi ya lita 10, mbali na zile za siku za matibabu zenyewe. Si ajabu kishawishi cha kuyauza kikawa kikubwa. Lakini mabaki ya dawa yanaweza kumdhuru mtu ambaye mwili wake haupatani na penisilini, na kwa walaji wengine huwapa bakteria wa tumboni dozi ndogo za kila siku, ambazo ndizo hasa zinazozalisha usugu.

Kuchemsha maziwa ni lazima wakati wote, kwa kuwa huua vimelea, wakiwamo wa ugonjwa wa brusela unaoweza kumpata mtu kutoka kwa mbuzi. Hata hivyo, kuchemsha hakuondoi mabaki ya dawa. Watengenezaji wa mtindi wanalijua hili kwa njia yao: maziwa yenye dawa mara nyingine hukataa kuganda, kwa sababu dawa imewaua bakteria wema wanaogandisha. Kugoma huko ni ishara ya kuulizia, ingawa kuganda kwake si uthibitisho kuwa maziwa ni salama.

Maziwa yenye dawa wasipewe watoto wa mbuzi, ndama wala mbwa. Yafukiwe katika shimo lililo mbali na kisima na mto.

Kinga iliyo mikononi mwa mkamuaji

Ugonjwa ambao haukuingia hauhitaji dawa, na dawa isiyotumika haizalishi usugu. Hatua zifuatazo hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji kufanywa kila siku bila kuruka.

1. Banda liwe la kuinuliwa, lenye sakafu ya mbao zilizoachiana nafasi ili kinyesi na mkojo vianguke chini. Samadi iondolewe mara kwa mara na kuozeshwa kabla ya kupelekwa shambani.
2. Mkamuaji anawe mikono kwa maji na sabuni kabla ya kuanza, na tena anapohama kutoka mbuzi mmoja hadi mwingine.
3. Kiwele kisafishwe na kukaushwa kwa kitambaa cha mbuzi huyo peke yake. Vitambaa vifuliwe na kuanikwa juani.
4. Wakamuliwe kwanza mbuzi wachanga na wenye afya, kisha waliowahi kuugua, na mwisho kabisa wagonjwa.
5. Chuchu ibanwe kwa vidole kuanzia juu kwenda chini, isivutwe. Kuvuta hujeruhi tundu la chuchu. Maziwa yakamuliwe yote.
6. Baada ya kukamua, chuchu zichovywe katika dawa ya iodini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.
7. Mbuzi apewe majani mabichi mara baada ya kukamuliwa ili asimame kwa nusu saa wakati tundu la chuchu linajifunga.
8. Mbuzi mwenye mimba aachwe kukamuliwa miezi miwili kabla ya kuzaa. Anayerudiwa na ugonjwa mara kwa mara, kiwele kikiwa na mabonge magumu, aondolewe kundini.

Ukiona dalili, fanya hivi

Mtenge mbuzi au mkamue wa mwisho. Toa taarifa kwa Afisa Mifugo wa Kata kabla ya kununua dawa yoyote. Mpangilio huu una sababu: sampuli ya maziwa inayochukuliwa baada ya dawa kuanza kutumika mara nyingi haitoi jibu la kuaminika.

Pale ugonjwa unaporudi au unapoenea kwa mbuzi kadhaa, mwombe mtaalamu achukue sampuli. Chuchu husafishwa kwa spiriti, michirizi ya kwanza hutupwa, na maziwa huwekwa katika chupa isiyo na vimelea na kusafirishwa katika barafu. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo cha Kanda ya Kaskazini jijini Arusha. Maabara huotesha bakteria na kuwajaribu dhidi ya dawa mbalimbali, kisha hueleza ipi bado inafanya kazi. Wafugaji wa kijiji kimoja wenye tatizo linalofanana wanashauriwa kufika ofisini pamoja ili sampuli zao zisafirishwe kwa safari moja.

Matibabu yakianza, andika katika daftari jina la mbuzi, jina la dawa, kiasi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na siku ambayo maziwa yataruhusiwa. Mfunge mbuzi huyo kamba ya rangi shingoni, ili hata mtoto au jirani atakayekamua kwa niaba yako ajue kuwa maziwa yale hayanywewi.

Wenye maduka ya pembejeo za mifugo nao wanakumbushwa wajibu wao. Dawa za mifugo zinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na watoa huduma za mifugo wanasimamiwa na Baraza la Veterinari chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Mteja anayefika na maelezo ya "kiwele kimevimba, nipe kitu chenye nguvu" aulizwe maswali, asomewe lebo na kuelekezwa kwa mtaalamu. Dawa yenye nguvu zaidi ikitumika leo bila sababu, kesho hatutakuwa na ya kuikimbilia.

Wito wetu kwa kila kaya yenye mbuzi wa maziwa ni kuanza na jambo moja jioni ya leo: sabuni na kitambaa safi pembeni mwa ndoo ya kukamulia. Kwa ushauri, upimaji wa viwele na maelekezo ya matibabu, fika katika ofisi ya Afisa Mifugo wa kata yako, au katika Ofisi ya Mifugo ya Halmashauri siku za kazi. Njoo na chupa au boksi la dawa uliyokwisha kutumia, hata kama ni tupu. Kwa mtaalamu, lebo ile ni nusu ya maelezo anayoyahitaji.